Mama yuko makao ya wazee: Je, usiku nani yuko macho?

UTAKWENDA Jumapili, msomaji. Hilo halina shaka. Baada ya ibada, mkiwa bado na nguo zenu za kanisani, wewe na dada yako na pengine shemeji mwenye gari, mtaiacha barabara ya Magadi na kuingia kijia cha vumbi hadi penye lango jeusi lenye kibao. Mtapokewa kwa chai. Mtapitishwa sebuleni, ambako wazee wamechanwa nywele na kuvikwa masweta safi, mhubiri akipaza sauti katika televisheni. Mtaonyeshwa kitanda kilichotandikwa shuka nyeupe. Msimamizi, mama mwenye sauti ya upole, atawaita "wanangu". Na mtakaporudi garini mtaambiana: "Pazuri."

Mimi pia nilisema pazuri. Wakati huo tulikuwa tukimtafutia pa kukaa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, aliyekuwa amepatwa na kiharusi kilichomwacha mkono na mguu wa kushoto bila nguvu. Hakujaliwa kupata watoto, kwa hivyo sisi watoto wa ndugu yake ndio watoto wake. Tulizunguka Rongai, Nkoroi na Kiserian kwa Jumapili tatu mfululizo, tukauliza kuhusu chakula, ada, kasisi, hata kama kuna paka. Kuna swali moja tulilolisahau, na miezi mitano baadaye shangazi ndiye aliyelilipia.

Juma lina saa 168. Siku ile ya matembezi unaona saa mbili tu, tena mbili bora kuliko zote. Makala haya yanahusu zile 166 zilizosalia, hasa zile za gizani.

Aibu ya mjini

Ukiishi Rongai huhitaji kuelezwa kwa nini watu wanayatafuta makao haya. Unaondoka saa kumi na moja alfajiri kupanda matatu nambari 125, ukichelewa kidogo unakwama Bomas, na jioni msongamano wa barabara ya Lang'ata unakurudisha nyumbani saa tatu usiku, muziki wa matatu ungali ukikulia masikioni. Nyumba yenyewe ni ya vyumba viwili, ghorofa ya tatu, na siku mifereji inapokauka maji hupandishwa kwa mitungi. Sasa mlete hapo mama wa miaka 78 kutoka mashambani, ambaye hawezi kwenda msalani peke yake. Utamwachia nani? Yaya uliyemwajiri kwa ajili ya mtoto? Huyo atavumilia wiki tatu, kisha atakwambia kwao kuna matanga, na hutamwona tena.

Wapo watakaokulaumu kwamba umeiga Wazungu. Mimi sina ugomvi nao. Nimeona tu kwamba wanaolaumu kwa sauti kubwa zaidi mara nyingi ni wale ambao hawajawahi kumbadilisha mzazi nepi saa nane za usiku. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya milioni 47.6, na kati yao milioni 2.7 walikuwa wametimiza miaka 60 au zaidi. Hesabu hiyo hiyo ilipata zaidi ya watu 172,000 katika Ongata Rongai pekee, mji ambao jina lake katika Kimaasai ni uwanda mwembamba. Watu hao wengi wana wazazi mahali fulani. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo yafaayo kutoka kwa jamaa zake na kwa serikali. Haikusema matunzo hayo yatolewe chini ya paa la nani.

Kwa wasio na kitu, kuna mahali kama Nyumba ya Wazee ya Kasarani, inayoendeshwa na masista wa shirika la Little Sisters of the Poor, na Mji wa Huruma kule Runda, ulio chini ya Kaunti ya Nairobi. Hapa kwetu Kajiado, mengi utakayoyakuta ni ya watu binafsi na ni ya kulipia. Makao ya kwanza tuliyoyazuru yalituitisha kwa mwezi mmoja pesa zinazokaribia karo ya mwaka mzima ya shule ya kitaifa ya bweni, ambayo serikali iliiweka Sh53,554. Linganisha na Sh2,000 kwa mwezi anazopata mzee wa miaka 70 na zaidi aliyesajiliwa katika mpango wa Inua Jamii, nawe utaelewa kwa nini harambee ya jamaa huanza hata kabla mgonjwa hajatoka hospitalini.

Tahadhari pia na jina. Kibao cha "Nursing Home" katika miji yetu kwa kawaida ni cha hospitali ndogo, mahali akina mama wanapojifungulia, na leseni yake inatoka kwa baraza la madaktari, KMPDC. Makao ya wazee ni kitu kingine. Ukiuliza leseni ukaonyeshwa karatasi ya kaunti ya kibali cha biashara, ujue karatasi hiyo inathibitisha kwamba biashara imelipiwa. Haisemi lolote kuhusu nani atakayemgeuza mama yako kitandani.

Kilichoonekana Thogoto

Mwishoni mwa 2023 kipindi cha Africa Eye cha BBC kilionyesha filamu iliyopigwa kwa siri ndani ya makao ya wazee ya PCEA Thogoto, Kikuyu. Waliotazama waliona wazee wakipigwa na kutelekezwa. Nchi nzima ilipigwa na butwaa, maana hapa palikuwa mahali pa kanisa, panapojulikana, ambapo watu wema hupeleka unga na blanketi kila Krismasi na kupiga picha na wazee. Wageni wote hao, kwa miaka yote hiyo, walikuwa wamepita sebuleni kama mimi na wewe tunavyopita.

Nilipoitazama filamu ile, hasira yangu ya kwanza iliwaendea wahudumu. Bado sijaiondoa yote. Mtu mzima anayemwinulia mkono bibi kizee hana utetezi. Lakini Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema kwamba katika taasisi za kutunzia wazee duniani, wahudumu wawili kati ya kila watatu wamekiri kwamba katika mwaka uliopita waliwatendea wazee jambo ambalo ni dhuluma. Wawili kati ya watatu! Haiwezekani kwamba theluthi mbili ya wote wanaochagua kazi hii duniani ni watu wabaya tangu walipozaliwa. Kuna kitu katika kazi yenyewe, jinsi inavyopangwa, kinachowaharibu. Kitu hicho, kwa maoni yangu, kinaweza kuhesabiwa kwa kalamu na karatasi, nawe mzazi unayesomesha mtoto wa darasa la sita unaweza kumpa aihesabu.

Hebu tufanye hesabu

Tuseme makao yana wazee 20. Unamwuliza msimamizi: "Mna wahudumu wangapi?" Anakujibu kwa fahari: "Sita." Wewe unagawanya 20 kwa sita, unapata mhudumu mmoja kwa wazee watatu na ushei, unafurahi. Ndivyo tulivyofanya sisi.

Kosa liko hapo. Wahudumu sita ni walio katika orodha ya mshahara. Hawako kazini wote kwa pamoja, maana hata wao hulala. Kanuni za mishahara nchini zinaweka saa 52 za kazi ya kawaida kwa juma. Sita mara 52 ni saa 312. Mchana, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, kuna kazi nyingi: kuogesha, kulisha, kufua, kutoa dawa, kupokea wageni kama wewe. Msimamizi anaweka wahudumu watatu mchana. Siku saba za saa 12 kwa watu watatu ni saa 252. Toa 252 kwenye 312. Zinabaki saa 60 za kugawia usiku.

Usiku saba zina saa 84.

Kwa maneno mengine, sita wale wakitumika kwa kanuni, hakuna hata mmoja wa kukaa zamu kila usiku. Saa 24 zinakosa mtu, yaani usiku mbili kamili katika kila juma. Na hapa hatujamtoa aliye kwenye likizo yake ya siku 21 kwa mwaka, ambayo ni haki yake kwa Sheria ya Ajira ya 2007, wala aliyeshikwa na malaria, wala yule aliyekwenda matanga. Kwa hivyo kinachotendeka ni mojawapo ya mambo mawili. Ama mhudumu aliyefanya kazi mchana analazwa hapo hapo kwenye godoro la korido na kuambiwa "ukisikia mtu akiita, amka", ama kazi inaangukia mlinzi wa lango.

Kuweka mtu mmoja tu, macho, saa zote za juma, kunahitaji wafanyakazi watatu na kitu, karibu wanne ukiweka likizo na magonjwa. Ukitaka wawili wawe macho wakati wote, waajiri wanane. Ukitaka na wa kuongeza mchana, endelea kuhesabu. Hii ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika makao ya wazee, kubwa kuliko nyama na matunda, na ndiyo ya kwanza kupunguzwa kwa sababu mgeni wa Jumapili haioni.

Sasa mweke huyo mmoja wa usiku, tuseme yupo. Kati ya wale 20, wanane hawajiwezi kitandani. Mtu asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo damu inakosa kupita pale mfupa unapobana godoro, ngozi inageuka nyekundu, kisha inafunguka. Hivyo ndivyo vidonda vya kulalia, na kidonda kikubwa cha namna hiyo kinaweza kuoza hadi mfupani na kumwua mtu. Kumgeuza mzee mmoja, kumfuta, kumbadilisha nepi na kumpa maji ya kunywa, mpe mhudumu dakika 10. Wanane ni dakika 80. Katika kila saa mbili anabakiwa na dakika 40 za wale wengine 12, ambao mmoja anataka msalani, mwingine amepotewa na akili na anatafuta mlango aende kwa mumewe aliyekufa 1987, mwingine anakohoa. Na kugeuza mzee mzito peke yako ni kuumiza mgongo wako na bega lake. Hebu fanya hivyo usiku sita mfululizo, halafu uniambie utakuwa na sauti gani saa kumi za alfajiri bibi akikuita mara ya tisa.

Marekani, ambako nchi ni tajiri kuliko yetu kwa mbali, waligombana juu ya hesabu hii hii. Mwaka 2024 serikali yao ilitoa kanuni kwamba kila mzee katika makao ya uuguzi apate angalau saa 3.48 za kuhudumiwa kwa siku, na muuguzi aliyesajiliwa awepo usiku na mchana. Wenye makao wakaenda kortini wakidai watu wa kuajiri hawapatikani. Mwaka 2025 jaji wa Texas akaifuta kanuni hiyo.

Saa tisa za usiku

Shangazi alianguka usiku wa Alhamisi. Aliamka saa tisa hivi akitaka kwenda msalani. Aliita. Yeye ni mtu wa adabu za zamani na hapendi kusumbua watu, kwa hivyo aliita mara mbili tu, halafu akajaribu kwenda mwenyewe. Chumba chake kilikuwa orofani. Nyumba ile, kama nyumba nyingine mbili tulizozitembelea, ilijengwa iwe makazi ya baba, mama na watoto: vyumba vya kulala juu, ngazi zenye kona, bafu lenye vigae vinavyoteleza vikilowa. Aliteleza mlangoni mwa bafu.

Aliyempata ni mpishi, aliyekuja saa kumi na mbili kasorobo kuwasha moto wa uji.

Sisi tulipigiwa simu saa mbili na nusu asubuhi, tukaambiwa "ameteleza kidogo lakini yuko sawa". Nilifika saa nne. Mguu wake ulikuwa umefupika na kugeukia nje, jambo ambalo muuguzi yeyote angelitambua mara moja kuwa ni dalili ya nyonga iliyovunjika. Nikauliza kitabu cha zamu ya usiku. Kililetwa, na ukurasa wa usiku ule ulikuwa mweupe. Nikauliza nani alikuwa zamu. Msimamizi akanitajia msichana mmoja. Msichana mwenyewe aliponisindikiza langoni aliniambia kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amefanya kazi tangu asubuhi ya Jumatano.

Sitayataja makao hayo. Pengine yamejirekebisha, na kwa vyovyote vile sikusudii ufikiri kwamba ni hayo peke yake. WHO linakadiria kwamba kati ya kila watu 100 wenye miaka 65 na zaidi, 28 hadi 35 huanguka kila mwaka, hata majumbani mwao wakiwa na watoto wao. Wazee wataanguka. Jambo la kuuliza ni watalala sakafuni kwa muda gani kabla mtu hajawaona. Shangazi alilala karibu saa tatu, katika baridi ya Julai, huku akisikia wenzake wakikoroma.

Nani hawa wanaotunza?

Yule msichana wa langoni alikuwa na umri wa miaka 22. Alikuwa amemaliza kozi ya utunzaji wa wazee, miezi michache tu, katika mojawapo ya vyuo vya ghorofani ambavyo mabango yake unayaona kila kituo cha matatu. Sehemu kubwa ya mabango hayo inazungumzia Uingereza, Ujerumani na Canada. Hilo si ajabu. Kenya ilitia saini mkataba wa wahudumu wa afya na Uingereza mwaka 2021, na mwaka 2024 ikatia saini mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani. Wazee wa Ulaya nao wanahitaji kugeuzwa kila saa mbili.

Kwa hivyo mtoto wa watu anakuja makao ya Rongai kupata barua ya kuonyesha kwamba ana uzoefu. Akiipata, anaondoka. Namtakia heri, na nyinyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu na kufikiria njia hiyo, sina la kuwakataza. Ila kwa mzee maana yake ni kwamba kila baada ya miezi michache anavuliwa nguo na mgeni. Mgeni huyo hajui kwamba mama hamezi vidonge bila uji, wala kwamba akinyamaza sana ndipo anapoumwa.

Ndiyo sababu siku hizi simwulizi msimamizi "wafanyakazi wenu ni wazuri?" Ataniambia ni wazuri. Ninamwuliza mhudumu mwenyewe, tukiwa tumesimama pembeni kando ya kamba ya nguo: una muda gani hapa? Na aliyekuwa kabla yako alikaa muda gani? Ukiwauliza watatu na hakuna aliyefikisha mwaka, umepata habari ambayo hakuna kibao kitakachokuandikia.

Nenda usiku

Baada ya shangazi kufanyiwa upasuaji na kulazwa majuma kadhaa, tulianza kutafuta upya. Safari hii nilikwenda saa tatu usiku, bila kupiga simu, nikitoka kazini. Makao mawili hayakunifungulia. Katika moja, mlinzi aliniambia kupitia tundu la lango kwamba "wenyewe wameenda nyumbani". Nikamwuliza, wazee wako na nani? Akanijibu, bila kuona kuwa kuna ubaya: "Wako na mimi."

Watakwambia muda wa wageni umekwisha, na ni kweli wazee wanahitaji kupumzika. Huhitaji kuingia chumbani. Unataka tu kuona anayekuja kukufungulia, kama amevaa viatu au anafikicha macho, na kusikia kama kuna mtu anaita ndani bila kujibiwa. Mahali pazuri watakuonea ajabu, watalalamika kidogo, halafu watakuruhusu usimame koridoni dakika tano. Nilisimama koridoni mahali kama hapo, upande wa Kiserian. Nyumba ya mabati, sebule ndogo, kochi limechakaa. Dada yangu alipoiona mchana alikunja uso. Lakini yote ilikuwa chini, bila ngazi, na usiku ule kulikuwa na wanawake wawili macho, mmoja akiandika kitabuni na mwingine akisukuma toroli ya nepi.

Kile kitabu, omba ukione. Kinapaswa kuonyesha nani alipewa dawa gani saa ngapi, nani alikojoa, nani alikataa chakula, nani aligeuzwa. Kikiwa kimeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, na kila mzee "alilala vizuri" kwa siku thelathini, basi kiliandikwa kwa siku moja.

Mama akishaingia, mwombe ruhusa yeye mwenyewe umwogeshe siku moja kwa mwezi, au umpake mafuta. Angalia visigino, nyonga na mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Ngozi haidanganyi. Onja ulimi wake kwa macho: ukiwa mkavu na umepasuka, hapewi maji ya kutosha, mara nyingine kwa makusudi, kwa sababu anayekunywa kidogo hukojoa kidogo. Na ukimkuta kila mara amesinzia mchana, uliza amepewa dawa gani na ni daktari yupi aliyeiandika. Wapo wanaowalaza wazee kwa vidonge ili usiku upite kimya.

Kwa huku kwetu kuna na maswali ya mahali. Maji ni la kwanza. Mwenyeji wa Rongai anajua maana ya kusubiri lori la maji tangu Jumanne hadi Ijumaa. Nyumba yenye wazee wanane wasiojiweza haiwezi kungoja hata siku moja. Tazama matangi, hesabu mangapi, gonga usikie kama yana kitu. Stima ikipotea, wana taa gani? Na Julai baridi ya kutoka vilima vya Ngong inaposhuka, vyumba vinapashwa moto na nini? Ukiambiwa ni jiko la makaa, toka na mzee wako. Hewa ya makaa katika chumba kilichofungwa huua watu wazima wenye nguvu, seuze bibi wa miaka 80. Kisha uliza kuhusu gari. Hospitali ya Ongata Rongai si mbali, lakini saa tisa za usiku umbali wa kilomita nne bila dereva ni sawa na kwenda Mombasa.

Kifo kisichoulizwa

Kuna jambo jingine linalonikosesha raha, nami nitaligusia kwa ufupi kwa sababu linamhusu Mkenya. Billy Chemirmir alizaliwa hapa nchini, akahamia Marekani, akawahi kufanya kazi ya kutunza wazee. Alikamatwa Machi 2018 karibu na Dallas, Texas, na hatimaye akashtakiwa kwa kuwaua watu 22, wengi wao wanawake wazee, baadhi wakiishi katika makao ya wazee yenye walinzi na bustani. Aliingia akijifanya fundi, akawafunika mito usoni na kuchukua vito vyao. Alifungwa maisha 2022, na Septemba 2023 akauawa gerezani.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba vingi vya vifo hivyo vilikuwa vimeandikwa kuwa vya kawaida. Alikuwa mzee, amelala, ameondoka. Pete haionekani, pengine aliipoteza. Watoto waliouliza waliambiwa ni majonzi yanawasumbua.

Sisi nasi tuna msemo wa kufariji matangani kwamba mzee amekula chumvi nyingi. Ni maneno mazuri. Lakini ukipigiwa simu kutoka makao yoyote, uliza bila haya: nani alimwona wa mwisho, saa ngapi, na alikuwa anafanya nini? Uliza vivyo hivyo kuhusu jeraha, kuhusu blanketi lililopotea, kuhusu chubuko la mkono. Watakuona msumbufu. Nimegundua kwamba mzee mwenye mtoto msumbufu hugeuzwa kwa wakati. Wale wasio na mtu wa kuwaulizia ndio wanaoachwa hadi mwisho wa korido, kwa hivyo ukienda kumwona wako, pitia na kwa jirani yake wa kitanda cha pili, umwite kwa jina, wahudumu wakusikie.

Shangazi yuko Kiserian mwaka wa pili sasa. Anatembea kwa fremu ya chuma hadi jua la ukumbini, na amegombana na kila mtu kuhusu chumvi kwenye mboga. Mimi hupiga simu usiku, siku ambazo hazina mpango maalumu, saa nne, saa tano. Mara nyingi inapokelewa mlio wa tatu. Juzi niliomba nizungumze naye mwenyewe ikiwa yu macho. Nilisikia viatu vikitembea kwenye simiti, mlango, kisha sauti yake ikiniuliza kama huko Rongai watu hawana saa.